Amri ya Wazee Pekee Haitoshi

Msikilizaji, mwaka 1956 Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Kimeru, walipiga marufuku ukeketaji kote Meru. Ilikuwa amri ya wanaume, serikali ya mkoloni ikiwaunga mkono, na akina mama na binti zao hawakuulizwa. Wasichana wakanunua nyembe, wakakeketana wenyewe kwa wenyewe. Wakaitwa Ngaitana, yaani ‘nitajikeketa mwenyewe’.

Nayakumbusha haya kwa sababu leo, kuanzia Maua hadi Siakago, kila anayezungumzia dhuluma za nyumbani anasema wanaume wahusishwe. Naunga mkono. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 34 ya wanawake nchini Kenya wamewahi kupigwa au kuumizwa tangu wafikishe miaka 15, na kwa walioolewa anayetajwa zaidi ni mume. Asipokuwepo kikaoni, tunazungumza na majeruhi peke yao.

Lakini ahusike vipi, ili tusirudie kosa la 1956? Kuna mzee anayepokea mbuzi kwa mume aliyempiga mkewe, kisha anamrudisha mama yule nyumbani akavumilie. Huyo naye atakwambia amehusika. Mimi nasema amezika kesi. Tangu 2015 tuna sheria ya kuwakinga watu na dhuluma za nyumbani: mahakama yaweza kumzuia mume asimkaribie mkewe, na hata kumbana mtu kwa pesa ni dhuluma.

Hapo kwa pesa nitakaa kidogo. Tazama majira ya bonasi ya majani chai kule Mungania, Rukuriri, Kionyo. Mama amechuma mwaka mzima, kikapu mgongoni, lakini namba ya mkulima mara nyingi ni ya baba. Bonasi ikiingia, wako akina baba wanaotoweka siku kadhaa, na mama akiuliza pesa ziko wapi, anajibiwa kwa ngumi.

Basi tuwafuate wanaume pale pale, kwenye kituo cha kununulia majani, kabla bonasi haijatoka. Azungumze mkulima mwenzao ambaye hupanga matumizi ya bonasi pamoja na mkewe. Akina mama nao wawepo, waseme wenyewe kinachowaumiza na wanachotaka kibadilike. Wanakamati wa vituo, nawaomba nusu saa tu katika mkutano wenu wa Septemba.

Na ukisikia mayowe kwa jirani usiku wa leo, usingoje mkutano. Piga 1195, namba ya msaada kwa dhuluma za kijinsia; ni bure.