Ugomvi wa Studio, Adhabu ya Leseni: Watangazaji wa Mijadala na Wanasiasa nchini Uganda

Mada kwa semina ya wahariri na watangazaji wa redio

Waandaaji wameomba mada ianze kwa kufafanua maana ya kipindi cha mjadala, uhuru wa habari na maadili ya utangazaji. Waliomo ukumbini wanakula kwa kazi hiyo, kwa hiyo ufafanuzi utakuwa mfupi. Kipindi cha mjadala ni kile ambacho mtangazaji hutoa maoni yake, humhoji mgeni, kisha hufungua simu. Maadili ni yale yaliyobandikwa ukutani katika kila chumba cha habari. Muda uliobaki utumike kwa jambo ambalo kwa kawaida huwekwa mwisho wa ratiba, harufu ya pilau inapoanza kuingia ukumbini: leseni.

Mfano ni Kampala, Agosti 2005. John Garang, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Sudan, alikuwa amefariki tarehe 30 Julai katika ajali ya helikopta ya Rais wa Uganda. Uvumi ulizagaa, na Rais Yoweri Museveni akatangaza hadharani kwamba magazeti yatakayoendelea kubashiri chanzo cha ajali yangefungwa. Tarehe 10 Agosti mtangazaji Andrew Mwenda, katika kipindi chake cha redio ya KFM, hakupunguza makali. Alidai kwamba Serikali ilibeba lawama ya kifo hicho kwa uzembe wake, na akamjibu Rais kana kwamba wameketi meza moja. Mwenda hakuwa mtu wa kubembeleza, na wapo wanahabari walioona kwamba safari ile alivuka mpaka.

Kinachostahili kuangaliwa ni mpangilio wa matukio. Baraza la Utangazaji liliizima KFM kwanza. Mtangazaji mwenyewe alikamatwa baadaye, akashtakiwa kwa uchochezi na kupewa dhamana. Redio ilikaa kimya takribani wiki moja. Hoja ya kikatiba ilipelekwa mahakamani na ikachukua miaka mitano, hadi Agosti 2010 Mahakama ya Katiba ilipolibatilisha kosa la uchochezi. Ushindi ule ulikuwa mkubwa na ulistahili kushangiliwa. Tatizo ni kwamba semina za aina hii hupenda kuishia hapo, watu wakapongezana na kwenda kupiga picha ya pamoja. Hukumu ilifuta kosa la jinai. Mamlaka ya kuzima kituo kwanza na kuuliza maswali baadaye hayakuguswa.

Kabla hata hukumu haijatoka, mamlaka hayo yalikuwa yameshatumika tena, kwa nguvu zaidi. Septemba 2009 Kabaka wa Buganda alizuiwa kwenda Kayunga, ghasia zikalipuka, na vituo vinne vikafungwa: CBS, Suubi FM, Radio Sapientia na Akaboozi ku Bbiri. Ebimeeza, mijadala ya wazi iliyokuwa ikirushwa moja kwa moja kutoka baa na kumbi, ilipigwa marufuku. CBS, redio ya Ufalme wa Buganda, ilirudi hewani Oktoba 2010. Zaidi ya mwaka mzima bila tangazo la biashara, na wafanyakazi wake wengi bila mshahara.

Mei 2013 mambo yalifika mahali pa kuchekesha, kama yasingekuwa yanauma. Polisi waliizingira Daily Monitor wakitafuta barua ya Jenerali David Sejusa iliyochapishwa na gazeti hilo. KFM na Dembe FM nazo zikazimwa kwa siku kumi hivi. Kosa lao? Zilikuwa katika jengo moja na gazeti. Kisha, mwaka 2019, Tume ya Mawasiliano ya Uganda iliviagiza vituo 13 vya redio na televisheni kuwasimamisha kazi wafanyakazi 39, baada ya vituo hivyo kutangaza habari za kukamatwa kwa mwanasiasa Bobi Wine. Mdhibiti alikuwa ameanza kuchagua nani aketi kwenye kiti cha mhariri.

Majirani wasijione wamepona. Januari 2018 Serikali ya Kenya ilizizima televisheni za Citizen, NTV na KTN, na amri ya Mahakama Kuu ya kuzirudisha ikapuuzwa kwa siku kadhaa.

Haki itendeke kwa wadhibiti pia. Hakuna mtu wa ukanda huu anayeweza kuzungumzia redio akaisahau RTLM, redio iliyochochea mauaji ya kimbari ya Rwanda mwaka 1994. Hoja kwamba kipaza sauti kinaweza kuua ina uzito. Lakini hoja hiyo hiyo hutolewa mtangazaji anapohoji helikopta ya Rais, na hapo ndipo inapopoteza heshima yake. Kesi ya jinai hudai ushahidi, wakili na hakimu. Kuzima mitambo hudai barua. Mmiliki mwenye matangazo yaliyokwisha kulipiwa hasubiri hata barua. Simu moja kutoka ofisi kubwa inatosha kumfanya meneja amwite mtangazaji na kumwambia apoe. Wamiliki wengine ni wanasiasa wenyewe, na hao hawahitaji kupigiwa simu.

Mapendekezo, basi. Kituo kisizimwe kabla ya kusikilizwa. Sheria itenganishe kosa la mtangazaji mmoja na leseni ya kituo kizima. Uzimaji wa dharura, pale panapochochewa mauaji, uidhinishwe na hakimu ndani ya saa 48. Wajumbe wa chombo cha udhibiti wasiteuliwe na waziri peke yake. Kituo kimpe mwanasiasa aliyeshambuliwa nafasi ya kujibu bila kukatizwa na aliyemshambulia. Vituo virekodi na kuhifadhi kila mjadala, maana bila kanda hakuna utetezi. Wamiliki waweke kwenye mkataba nani ana mamlaka ya kusimamisha kipindi. Vyama vya wanahabari vipeleke mahakamani masharti ya leseni kama vilivyopeleka kosa la uchochezi. Na, kwa kuwa pendekezo hili hupotea katika kila taarifa ya mwisho, lirudiwe: kituo kisizimwe kabla ya kusikilizwa.

Mwenda baadaye alijiunga na harakati za kisiasa za Jenerali Muhoozi Kainerugaba, mtoto wa Rais yule yule aliyegombana naye hewani. Ugomvi wa watu wawili ulipata suluhu yake. Waandaaji wanaombwa kuiweka mada ya leseni asubuhi katika semina ijayo, na kumwalika mdhibiti aje kuijibu mwenyewe.