Bustani ya Vuli: Kazi na Habari kwa Wanachama wa Vyama vya Bustani

Leo nitazungumza nanyi habari za bustani ya vuli: kazi zake mwezi kwa mwezi, na habari chache ambazo yafaa kila mwanachama wa chama cha bustani azijue. Maneno haya yanawahusu zaidi wale wanaokaa katika nchi za mvua mbili, yaani pwani, sehemu kubwa ya Kenya, na pande za kaskazini za Tanzania, ambako masika hunyesha toka Machi hata Mei, na vuli toka Oktoba hata Desemba. Ndugu zetu wa Songea, Mbeya na Dodoma wana msimu mmoja tu wa mvua. Wao na wachukue yale yanayowafaa, wayapeleke mbele kufuata majira yao.

Neno kubwa nitakalo mlishike ni hili: vuli haiaminiki. Kwa hiyo bustani ya vuli hutengenezwa kabla ya mvua, tena hutengenezwa kwa namna mbili, sehemu moja kwa ajili ya mvua nyingi, na sehemu ya pili kwa ajili ya mvua haba.

Labda mtu atauliza, Je, masika nayo haibadiliki? Hubadilika, lakini vuli hugeuka zaidi mwaka hata mwaka. Sababu yake kubwa iko baharini. Miaka mingine maji ya Bahari ya Hindi ya upande wetu huwa na joto kupita desturi, na maji ya upande wa Sumatra hupoa. Hapo upepo na mvuke huelekea kwetu, na vuli huwa nyingi mno. Miaka mingine mambo hupinduka, joto likawa upande wa Sumatra, na mawingu yetu yakapungua. Wataalamu walilieleza jambo hili waziwazi katika mwaka 1999, lakini matokeo yake wazee walikwisha kuyaona zamani. Vuli ya mwaka 1961 ilifurika hata Ziwa Victoria likapanda zaidi ya mita 2 katika miaka michache. Mafuriko yalikuja tena katika vuli ya 1997 na ya 2019. Kisha, toka vuli ya 2020 hata vuli ya 2022, misimu mitano ya mvua ilipunguka mfululizo katika sehemu kavu za Kenya, Ethiopia na Somalia. Mifugo mingi ikafa, na watu wengi wakashikwa na njaa. Mwaka 2023 vuli ikaja kwa nguvu, na nchi zile zile zilizokuwa zikilia kiu zikafunikwa na maji.

Basi mwenye bustani hawezi kusema, "Mwaka jana ilinyesha hivi, na mwaka huu itanyesha vivyo hivyo." Akisema hivyo na mambo yakageuka, mboga zake zitakufa, na toka Januari hata masika nyumba yake italia ugali mkavu, au fedha ya ada na mafuta ya taa itakwenda sokoni kununua majani ambayo yangeota mlangoni pake. Wanaopungukiwa kwanza ni watoto, maana katika majani mabichi ya kijani mna vitamini A inayolinda macho, na madini ya chuma yanayojenga damu.

Sasa tuzitazame kazi zenyewe.

Kazi ya kwanza, mwezi wa Agosti, ni mboji. Chagueni mahali penye kivuli karibu na bustani. Chini tandazeni mabua na vijiti ili hewa ipite. Juu yake wekeni majani makavu, kisha majani mabichi, kisha samadi ya ng'ombe, mbuzi au kuku, kisha udongo kidogo na majivu machache. Nyunyizeni maji kila safu, mkarudie tena mpaka lundo lifike kimo cha mita 1 na nusu. Lifunikeni kwa majani ya migomba au nyasi. Halafu chomekeni kijiti kirefu katikati ya lundo. Baada ya siku chache kitoeni mkishike: kikiwa cha moto na chenye unyevu, lundo linafanya kazi, kikiwa kikavu, lina kiu, kikiwa baridi na chenye kunuka vibaya, maji yamezidi, lipindueni lipate hewa. Lundo linalopinduliwa kila baada ya majuma mawili au matatu huiva katika muda wa miezi miwili au mitatu. Msisubiri mvua ndipo mwanze kukusanya takataka, maana mboji ya namna hiyo huwa tayari vuli ikiwa imekwisha.

Faida ya mboji si chakula cha mimea peke yake. Udongo wenye mboji hunywa maji kama sifongo na kuyashika siku nyingi. Tena mvua ikizidi, hauwi tope gumu, bali huyapitisha maji. Kwa hiyo mboji husaidia katika vuli ya namna zote mbili.

Mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba, wakuu wa hali ya hewa wa Kenya na wa Tanzania hutoa utabiri wa vuli. Kila chama cha bustani na kichague mtu mmoja wa kuusikiliza na kuwasomea wenziwe. Lakini fahamuni maana yake. Utabiri hausemi mvua itanyesha kwenu siku fulani. Husema kama yaelekea kuwa juu ya wastani, au karibu na wastani, au chini ya wastani, katika eneo kubwa. Ni shauri la mtu ajuaye, wala si ahadi.

Mwezi wa Septemba ni wa kitalu. Sukuma wiki, kabichi, nyanya na bilinganya hupandwa kwanza kitaluni. Tengenezeni tuta dogo lenye udongo laini na mboji iliyoiva, mpige mistari iliyoachana kiasi cha sentimita 15, na mbegu ziingie kina cha sentimita 1 tu, maana mbegu ndogo ikizikwa sana haifiki juu. Wekeni kivuli cha nyasi juu ya vijiti, na mwagilieni asubuhi na jioni. Miche ya sukuma wiki hukaa kitaluni kadiri ya majuma manne. Juma la mwisho punguzeni kivuli na maji kidogo kidogo, ili miche izoee jua kabla ya kuhamishwa.

Mchicha, mgagani, kunde na bamia hazihitaji kitalu. Hizo hupandwa pale pale zitakapokua. Mbegu za mchicha ni ndogo mno, basi zichanganyeni na mchanga mkavu kabla ya kuzimwaga, zisisongamane mahali pamoja. Mchicha ndio mboga ya haraka kupita zote: katika majuma matatu au manne waweza kuanza kung'oa ya kula. Kwa hiyo yafaa uwe wa kwanza katika kila bustani ya vuli, hata mvua ikikatika mapema mmekwisha kula kitu.

Mwezi huo huo gawanyeni bustani sehemu mbili. Sehemu moja inueni matuta yenye kimo cha sentimita 15 au 20, na mifereji katikati, ili mvua kubwa ikija maji yapite na mizizi isioze. Sehemu ya pili fanyeni kinyume: chimbeni vitanda vilivyozama chini ya ardhi kwa kiasi hicho hicho, na ukingo wa udongo pande zote, ili mvua ikiwa haba kila tone likae pale. Matuta na vitanda vyote viwe na upana wa mita 1, mkono ufike katikati kutoka pande zote mbili bila kukanyaga udongo. Mwaka wa mafuriko vitanda vya chini vitaharibika, na mwaka wa ukame matuta ya juu yatakauka. Lakini hautakuwako mwaka rahisi wa kupoteza bustani nzima. Kama shamba lina mteremko, matuta yote yakate mteremko, yasishuke nao, ama sivyo udongo wenu mzuri utalimwa na jirani wa bondeni.

Mwezi wa Oktoba mvua za kwanza huja, na hapa wengi hudanganyika. Manyunyu ya siku moja hulowesha vumbi tu, kisha jua hurudi wiki mbili na miche yote hufa. Msiangalie juu ya udongo; chimbeni kwa jembe. Unyevu ukiwa umefika sentimita 15 au zaidi, hamisheni miche, tena jioni, jua likiwa limepoa. Sukuma wiki iachane sentimita 60 mstari hata mstari, na 45 mche hata mche.

Wanafunzi wana kazi yao katika jambo hili. Tafuteni kopo lenye kuta zilizosimama sawasawa, mliweke juu ya kigingi mahali peupe, mbali na miti na mapaa. Kila siku saa tatu asubuhi pimeni maji kwa rula, mwandike milimita katika daftari la chama, kisha mmwage. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Basi paa la bati la urefu wa mita 6 na upana wa mita 4, mvua ya milimita 25 ikilipiga, hupokea lita 600, yaani ndoo 30 za lita 20. Hesabu hii mfanyeni darasani kwa paa la shule yenu, nanyi mtaona ni maji mangapi yanayopita mlangoni na kwenda zake kwa kukosa mfereji na pipa.

Novemba ni mwezi wa palizi, matandazo na ulinzi. Tandazeni nyasi kavu zisizo na mbegu kati ya mimea, zizuie jua lisinyonye maji na mvua isipige udongo. Tena tembeleeni bustani kila asubuhi, mgeuze majani mtazame chini yake. Wenye nyanya wamjue adui mmoja mgeni, Tuta absoluta, ambaye wakulima wa Tanzania humwita kantangaze. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Alionekana Hispania mwaka 2006, na mwaka 2014 akafika Kenya na Tanzania. Kiwavi chake hula ndani ya jani na kuacha mabaka meupe, kisha huingia katika tunda. Dawa nyingi zimekwisha kushindwa naye. Chumeni majani na matunda yaliyoshikwa, myafunge katika mfuko wa plastiki na kuuacha juani siku kadhaa. Msiyatie katika mboji hata kidogo. Nyanya zikiisha, msipande tena pale pale nyanya, bilinganya, viazi vya mviringo wala mnavu, maana hizo zote ni jamaa moja. Pandeni kunde au mchicha.

Desemba ni mwezi wa akiba. Majani ya kunde yakizidi, yachemsheni kidogo, myaanike kivulini hata yakauke kabisa, yatawafaa Februari. Na mbegu ni akiba kubwa zaidi. Watu wengi huchuma mimea bora yote, kisha huacha vitupa vikomae vitoe mbegu. Mwaka hata mwaka mboga zao hudhoofika. Mwanachama mwenye akili huchagua mimea mizuri mapema, akaifunga uzi, wala haichumi tena. Mbegu zikaushwe vizuri, zitiwe katika chupa yenye kifuniko, na jina na mwaka viandikwe. Mbegu za kunde zichanganywe na majivu makavu, yazuie wadudu wasizitoboe.

Sasa habari za vyama. Nchini Kenya vyama vya 4-K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilivyoanza mwaka 1962 kisha vikalala, vilifufuliwa mwezi wa Juni 2021, watoto wa shule wajifunze kilimo kwa mikono yao. Tena mwaka huo huo wa 2021 shirika la UNESCO liliandika katika orodha yake ya mifano mizuri kazi iliyofanywa Kenya ya kurudishia heshima vyakula vya asili. Mboga zetu za kienyeji zilikuwa zimeanza kudharauliwa kuwa chakula cha maskini. Wataalamu, wazee na watoto wa shule wakakusanya majina na matumizi yake, hata ikapatikana hesabu ya mimea kadiri ya 850 yenye majina ya wenyeji.

Habari hii yatufundisha neno. Mgagani, mnavu, kunde na mchicha zilikuwako kwetu kabla ya kabichi, na nyingi zao hustahimili jua na ardhi dhaifu kuliko kabichi. Hatuikatai kabichi, lakini usiache mbachao kwa msala upitao. Katika mwaka wa vuli mbaya, mboga ya bibi yako huenda ikawa ndiyo iliyobaki hai.

Kwa hiyo nawapa wanachama wote kazi moja kabla ya mvua hii. Kila mmoja aende kwa mzee wa kwao, bibi au babu, aombe mbegu ya mboga moja ya asili na aulize jina lake, jinsi inavyopandwa na jinsi inavyopikwa. Mbegu na maneno hayo yaletwe katika mkutano wa chama, yaandikwe katika daftari lile lile la mvua. Baada ya miaka michache mtakuwa na daftari linaloonyesha vuli ilivyokuwa kila mwaka, na mboga gani ilishinda. Kitabu cha namna hiyo hakiuzwi dukani, nanyi ndio mtakaoweza kuwaandikia watoto wenu.

Chimbeni sasa jua lingali kali. Mchumia juani hulia kivulini. Kwaherini.