Gunia la Ufuta na Nuru ya Galaksi

Ndugu msikilizaji, kama uko Nachingwea au Ruangwa miezi ya Juni na Julai, wakati ufuta unapelekwa kwenye mizani, hebu toka nje saa tano usiku, jitenge na taa, kisha utazame juu. Utauona ule mkanda mweupe uitwao Njia ya Maziwa, na karibu na utosi utaona madoa meusi, kana kwamba mtu amepaka masizi. Wengi hudhani pale hapana nyota. Kumbe ndipo zilipojaa. Weusi ule ni vumbi, nalo limetukingia kitovu cha galaksi yetu, kilicho umbali wa miaka ya nuru 26,000 hivi.

Nuru ya kawaida haifui dafu mbele ya vumbi hilo. Lakini iko nuru nyingine, infraredi, ambayo jicho haliioni. Ndiyo itumwayo na rimoti ya televisheni. Ile iliyo jirani na rangi nyekundu hupenya, kiasi cha sehemu moja kati ya kumi ikatufikia. Satelaiti ya COBE, iliyorushwa mwaka 1989, iliipiga picha Njia ya Maziwa kwa nuru hiyo, na kitovu kikaonekana kimetuna kama njugu.

Faida ya pili ni kubwa zaidi. Nyota changa za buluu hung'aa mno, nazo ni chache. Uzito mwingi wa nyota za galaksi umo katika zile kongwe, nyekundu, zisizojionyesha. Atakayepima kwa macho atawahesabu wenye kelele na kuwasahau wenye shamba.

Sasa, kupima kwenyewe kuna taabu. Mkulima wa Ruangwa anajua kwamba gunia lina uzito wake, na usipotolewa, hesabu ni ya uongo. Anga letu nalo hutoa infraredi usiku kucha. Hapa gunia lina uzito mara mia na zaidi kuliko ufuta wenyewe, hasa pembezoni mwa galaksi! Basi wataalamu hupiga picha fupi fupi nyingi, wakapiga na anga tupu la kando, kisha wakatoa.

Kazi hiyo haifanyiki Ulaya peke yake. Huko Sutherland, Afrika Kusini, iko darubini ya infraredi yenye kioo cha mita 1.4, iliyojengwa na Chuo Kikuu cha Nagoya cha Japani, ikaanza kazi mwaka 2000. Imepima yale Mawingu ya Magellan, galaksi mbili jirani zetu, ambazo hata hapa Nachingwea huonekana upande wa kusini usiku wa manane wa Novemba, kabla mvua hazijashika.

Nalo jambo hili lilianza kwa vifaa duni. Mwaka 1800 William Herschel alipitisha mwanga wa jua katika kioo cha pembe tatu, akaweka vipimajoto penye rangi, na kimoja nje ya nyekundu, gizani. Hicho cha gizani ndicho kilichopanda zaidi. Walimu wa fizikia wa Nachingwea na Ruangwa, jua mnalo la kutosha. Vipimajoto vitatu na kipande cha kioo ndivyo vya kutafuta kabla muhula haujaisha.