Neti Ifike Hadi Nyumba ya Mwisho

Leo tunazungumzia haki ya kila mtoto kufikiwa na huduma za afya, na mfano wetu ni neti ya kuzuia mbu.

Mama, huduma inaweza kuwa nzuri na bado isimfikie anayeihitaji zaidi. Tazama yaliyotokea hapa Kenya. Mwaka wa 2004, neti zilizotiwa dawa zilianza kuuzwa katika kliniki za mama na mtoto kwa bei nafuu ya shilingi 50. Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Lakini kwa mama anayetegemea kibarua, shilingi 50 ni unga wa jioni. Na aliyeishi mbali alihitaji nauli kwanza, kabla hata ya kuiona hiyo neti.

Mwaka wa 2006 serikali ikagawa neti zaidi ya milioni 3 bila malipo kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Watafiti walikuwa wakifuatilia watoto katika Kwale, Makueni, Bondo na Kisii. Mwaka wa 2004, watoto 7 tu katika kila 100 walilala ndani ya neti yenye dawa. Baada ya ugawaji wa 2006 walifika 67. La kutia moyo zaidi ni kwamba mtoto wa familia maskini kabisa na mtoto wa familia yenye uwezo walikuwa karibu sawa. Tena, vifo vilikuwa pungufu kwa asilimia 44 miongoni mwa watoto waliolala ndani ya neti hizo, wakilinganishwa na wasiolala ndani yake.

Umeona, mama? Usawa si kutangaza tu kwamba huduma iko na kila mtu aje. Usawa ni kujiuliza ni nani atakayeshindwa kuja, na kumwondolea kizuizi chake.

Hata hivyo, kitu cha bure pia kinaweza kumpita mtu. Siku ya kuandikisha nyumba, nani husahaulika? Ni nyanya anayelea wajukuu mayatima. Ni familia iliyohamia juzi, ambayo bado haijulikani na mzee wa mtaa. Ni mtoto mwenye ulemavu anayefichwa ndani. Ni msichana wa kazi anayelala jikoni. Mbu hawabagui hao.

Basi wewe ufanye nini? Kwanza, mhudumu wa afya wa kijiji akija kuandikisha, mtajie kila mtu anayelala kwako, pamoja na watoto wa kulelewa na mfanyakazi. Katika ugawaji wa nyumba kwa nyumba, kipimo ni neti moja kwa kila watu wawili. Usipomtaja mtu, neti yake haitaletwa.

Pili, mwulize jirani yako kama ameandikishwa. Kama ni mgonjwa au mzee, msaidie kufika mahali pa kugawia, au umjulishe mhudumu.

Tatu, katika baraza la chifu, usiogope kusimama na kuuliza: "Je, nyumba za kule ng'ambo ya mto zimefikiwa?" Swali hilo si utovu wa adabu.

Nne, neti ikifika nyumbani, itumieni kila usiku. Kama hazitoshi, watangulize mama mjamzito na watoto wadogo. Na mtoto akipata homa, mpeleke kituo cha afya mara moja akapimwe malaria, hata kama hulala ndani ya neti.

Mama, mtoto wa jirani akiachwa nje, kijiji hakijapona. Kidole kimoja hakivunji chawa.