Biashara na Miji: Kazi ya Bwana Paul Krugman
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Naomba radhi kwa kuwaletea habari za mwanachuoni wa mbali. Lakini kazi yake yatuhusu sisi tushikao kalamu.

Paul Krugman alizaliwa Marekani mwaka 1953, akapata udaktari wa elimu ya uchumi katika chuo cha MIT mwaka 1977. Tangu David Ricardo alipoandika mwaka 1817 juu ya nguo za Uingereza na divai ya Ureno, wataalamu walifundisha kwamba nchi hufanya biashara kwa kuwa zatofautiana. Lakini Ujerumani na Ufaransa zafanana, nazo huuziana motokaa. Kwa nini? Krugman alijibu: kiwanda kitengenezacho vitu vingi hupunguza gharama ya kila kimoja, na wanunuzi hupenda kuchagua, basi kila nchi hushika aina chache na kuziuza kwa wote. Jarida moja lenye sifa liliikataa insha yake. Hakukata tamaa, ikapigwa chapa katika jarida jingine mwaka 1979.

Mwaka 1991 akaipeleka hoja hiyo kwenye miji. Kiwanda hupenda kukaa penye wanunuzi wengi. Wafanya kazi nao huhamia penye viwanda, na hao ndio wanunuzi. Hivyo mji uliotangulia kidogo tu huzidi kuvuta. Alitoa mfano wa Dalton, Marekani. Huko, mwaka 1895, msichana Catherine Evans alitengeneza tandiko la kitanda liwe zawadi ya arusi. Watu wakaiga kazi yake, na hatimaye mji ule ukaongoza nchi yote kwa mazulia.

Sasa sikilizeni lililo zito. Usafiri ukiwa ghali, kila wilaya hujitengenezea vyake. Usafiri ukirahisika, kiwanda cha mji mkubwa chaweza kuwauzia wote, na fundi wa wilaya akakosa kazi. Lakini mwaka 1995 Krugman na Anthony Venables walionyesha kwamba gharama ikizidi kushuka, viwanda vyaweza kuhamia tena penye ujira mdogo.

Mwaka 2008 alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi.

Ndugu zangu, kila barabara ina njia mbili, ya kuja na ya kwenda. Tuandikapo barua ya kuiombea wilaya barabara, tusiulize tu italeta nini. Tuulize pia itachukua nini, na fundi wetu tumemwandaliaje.