Chema Chajiuza? Soko la Muziki na Ladha ya Msikilizaji wa Hip Hop: Mtazamo kutoka Maposeni



Utangulizi

Waswahili husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii hutolewa kama hukumu ya mwisho kila wapenzi wa muziki wanapobishana. Wimbo uliovuma, kwa mujibu wake, umevuma kwa uzuri wake, na uliosahauliwa umeponzwa na udhaifu wake. Wapo hata hivyo wanaoshikilia kinyume chake. Hao hudai kwamba watu hawapendi, bali hupendeshwa: redio ikiurudia wimbo mara kumi kwa siku, hata aliyeuchukia asubuhi atajikuta anaunong'ona jioni akichochea ugali.

Mhadhara huu unazipima hoja hizo mbili kwa kuitazama hip hop ya Tanzania. Unafanya hivyo kutokea Maposeni, katika Wilaya ya Songea, jirani na Peramiho, mahali ambapo wamisionari wa Kibenediktini walijenga makao yao tangu mwaka 1898. Uteuzi wa mahali hapa si pambo. Historia ya muziki wa kizazi kipya aghalabu imeandikwa kutoka Dar es Salaam, yaani kutoka kwenye chemchemi. Msikilizaji wa Kinondoni au Temeke aliweza kuusikia wimbo mtaani kabla haujafika redioni, na aliweza kumwona msanii mwenyewe jukwaani. Msikilizaji wa Maposeni, aliye karibu kilomita 1,000 kutoka jiji hilo, kwa miaka mingi alisikia kile tu ambacho mtu mwingine aliamua kumpelekea. Anayetaka kujua mfereji umezibwa wapi hasimami kwenye chanzo, husimama mwishoni.

Ladha kabla ya soko

Yafaa kuondoa kwanza dhana kwamba watu wa bara walikuwa na ladha tupu iliyosubiri kujazwa. Songea ina ngoma zake: lizombe, ligihu, kitoto, na pia mganda unaochezwa na watu wa pande za Ziwa Nyasa. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma na jamii ya Afrika Mashariki, alionyesha jinsi beni, ngoma iliyoiga bendi za kijeshi, ilivyosambaa kutoka pwani hadi bara na kuzaa ngoma nyingine, mganda ikiwa mojawapo. Waliozisambaza walikuwa askari, manamba na wasafiri. Vijana wa Ungoni waliokwenda kukata mkonge Tanga walirudi na nguo, fedha na mitindo ya kucheza.

Kwa hiyo kupokea kitu cha wageni na kukigeuza kuwa cha nyumbani si jambo lililoanza na hip hop. Tofauti iko kwa mchukuzi. Mganda uliletwa na mtu aliyerudi kijijini, akaucheza mbele ya jamaa zake, akasifiwa au kuchekwa hapo hapo. Hip hop ililetwa na ratiba ya vipindi, na ratiba haisikii mtu anapocheka.

Msikilizaji huyo alikuwa pia na sikio la ushairi. Mashairi ya magazetini na redioni yalikuwa yamemzoeza kusubiri kina na kumcheka malenga aliyekikosa. Ndiyo maana marapa wa Kiswahili wameyaita maneno yao mashairi na mistari, na ndiyo maana mashabiki hubishana juu ya vina kabla ya kubishana juu ya mdundo. Hiki ni kipimo ambacho soko lilikikuta. Halikukiunda.

Mlango na mabawabu wake

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 Redio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa redio ya nchi, na ndiyo iliyorekodi sehemu kubwa ya muziki wa bendi. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua njia kwa vituo binafsi. Radio One ilianza mwaka 1994, na Clouds FM ikafuata mwishoni mwa muongo huo. Katika kipindi hicho hip hop ilitoka kuwa mchezo wa vijana wachache wa mjini waliojua Kiingereza, ikawa muziki wa Taifa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Saleh J aliutungia maneno ya Kiswahili wimbo wa Vanilla Ice wa Marekani. Kwanza Unit ilianzishwa mwaka 1993. Mwaka 1995 Joseph Mbilinyi, ajulikanaye kama Mr. II na baadaye Sugu, alitoa albamu ya Kiswahili, *Ni Mimi*. Jina lenyewe la Bongo Fleva huhusishwa na mtangazaji wa Radio One, Mike Mhagama, ambaye ukoo wake unafahamika vyema Songea.

Hapa yadhihirika mambo mawili. La kwanza, redio ilihitajika: pasipo watangazaji vijana waliothubutu kupiga kanda za wenzao, muziki huu ungebaki uchochoroni. La pili, watangazaji hawakuamua lugha ya mafanikio. Wasanii walioanza kwa kuiga Kiingereza cha Marekani waligundua kwamba umma uliitikia ulipoelewa. Ushindi wa Kiswahili ulitoka kwa msikilizaji.

Ila mlango ukiwa mmoja, bawabu huwa na nguvu. Mawimbi ya FM hayasafiri mbali, hivyo kituo cha Dar es Salaam hakisikiki Songea mpaka kijenge mtambo wa kurushia matangazo huko. Uamuzi wa kujenga mtambo ni wa kibiashara, na hufuata mahali walipo wanunuzi wa bidhaa zinazotangazwa. Kanda nazo zilipitia kwa wasambazaji wachache wa Dar es Salaam, ambao walichagua albamu ipi izalishwe kwa wingi na ipelekwe mikoani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 iliwapa wasanii haki kwenye karatasi, lakini kanda bandia ziliendelea kuwatangulia sokoni. Kwa hiyo kabla kijana wa Maposeni hajasema napenda hiki au kile, angalau watu watatu walikuwa wamekwisha kumchagulia: mwenye studio, msambazaji na mtangazaji.

Je, mazoea huzaa mapenzi?

Swali la kisayansi ni kama uchaguzi huo unagusa ladha yenyewe au unagusa upatikanaji tu. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha kwamba mtu akikutana na kitu mara kwa mara huelekea kukipenda zaidi, hata pasipo sababu nyingine. Kurudiarudia wimbo redioni, basi, si kutoa taarifa tu, ni kulea.

Ushahidi mzito zaidi ulitolewa mwaka 2006 na Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts. Watu zaidi ya 14,000 waliingia katika soko la muziki lililoundwa kwenye intaneti, lenye nyimbo 48 za bendi zisizojulikana. Baadhi yao walichagua bila kujua wenzao wamechagua nini. Wengine waligawanywa katika makundi manane, na kila mmoja aliona idadi ya watu wa kundi lake waliouchukua kila wimbo. Waliowaona wenzao waliwafuata, na nyimbo zilizovuma katika kundi moja hazikuwa lazima zile zilizovuma katika jingine. Wimbo bora kabisa kwa nadra ulianguka, na mbaya kabisa kwa nadra ulishinda. Nyimbo za katikati, ambazo ndizo nyingi, ziliweza kuishia popote. Mkataa wengi ni mchawi, na inaonekana hata peke yake mbele ya kompyuta binadamu hataki kuitwa mchawi.

Salganik na Watts waliendelea mwaka 2008 kwa kuligeuza jedwali, wakawaonyesha washiriki kwamba nyimbo zisizopendwa ndizo zinazoongoza. Uongo huo ulifanya kazi kwa nyimbo nyingi, ingawa zilizo bora zaidi zilipanda tena polepole. Lakini jambo moja lapaswa kuzingatiwa na kila mwenye redio: katika soko lililodanganywa, watu walichukua nyimbo chache kwa jumla. Msikilizaji aliyepewa kibaya kilichojitembeza hakulalamika. Aliondoka tu.

Ndipo hongo ya watangazaji inapopata uzito wake. Si jambo la Afrika pekee. Nchini Marekani mtangazaji mashuhuri Alan Freed alikiri kosa la hongo ya kibiashara mwaka 1962, na mwaka 2005 kampuni ya Sony BMG ilikubali kulipa dola milioni 10 ili kumaliza uchunguzi wa jimbo la New York kuhusu malipo ya kupigiwa nyimbo. Bahasha inayompa mtangazaji sababu ya kupiga wimbo huu na kuuacha ule inanunua kitu kikubwa kuliko dakika nne za hewani. Inanunua yale mazoea ambayo Zajonc aliyapima.

Mipaka ya bawabu

Hata hivyo, historia ya Tanzania inakataa kumfanya msikilizaji kuwa udongo wa mfinyanzi. Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam. Amri ilitoka, ila mapenzi ya vijana kwa muziki wa Wamarekani Weusi hayakufa, na kizazi kilichofuata kiliyarithi kwa sura ya rapu. Machi 2017 Nay wa Mitego alikamatwa kwa ajili ya wimbo *Wapo*, na siku iliyofuata ikatangazwa kwamba Rais ameagiza aachiwe na wimbo uendelee kupigwa. Kuzuiwa kwa wimbo kuligeuka tangazo lake.

Mwaka 2001 Professor Jay alitoa *Machozi, Jasho na Damu*. Katika wimbo *Ndiyo Mzee* anaigiza mwanasiasa anayeahidi yasiyowezekana huku umati ukiitikia. Wimbo huo ulivuma nchi nzima, wakati ambapo hekima ya soko ilisema vijana wanataka mapenzi na starehe. Wanakijiji hawakuhitaji kufundishwa maana yake. Mikutano ya kampeni walikuwa wameihudhuria. Sugu naye, mwaka 2011, pamoja na wenzake waliojiita Vinega, alitoa *Anti-Virus* kulalamikia nguvu ya kituo kimoja kikubwa cha redio juu ya wasanii. Pasipo kuamua nani alikuwa na haki, yatosha kukumbuka kwamba mtu huyo alikuwa amechaguliwa mwaka 2010 kuwa Mbunge wa Mbeya Mjini, na alichaguliwa tena mwaka 2015. Professor Jay aliingia Bungeni mwaka huo huo kupitia Mikumi. Wapo waliosema hip hop haiuzi. Ilitosha kuwapeleka watu Dodoma.

Mfano wa karibu zaidi ni singeli. Ilikua katika sherehe za mitaani za uswahilini Dar es Salaam, ikidharauliwa, kisha redio ikaipokea baada ya mtaa kuamua. Huko soko lilifuata ladha, halikuitangulia.

Kinachopotea Maposeni

Hoja hizi zikiwekwa pamoja, jibu linajitokeza: soko haliumbi ladha, ila hupanga sinia. Mlaji huchagua kwa hiari miongoni mwa vilivyoandaliwa, na akila kimoja kila siku hukizoea. Mahali penye sinia nyingi, hiari ni pana. Mahali penye sinia moja, hiari ni jina.

Hasara yake haipo katika burudani tu. Uta Reuster-Jahn na Roland Kießling, katika utafiti wao wa mwaka 2006 juu ya lugha ya mitaani, walionyesha jinsi muziki huu unavyosambaza maneno mapya ya Kiswahili. Maneno hayo husafiri zaidi kutoka Dar es Salaam kwenda mikoani kuliko kurudi. Kijana wa Maposeni anayetaka kuchana mistari juu ya mahindi yaliyokosa mnunuzi, mbolea iliyochelewa au mzee anayecheza lizombe, ana kitu cha kusema na ana lugha ya kukisemea. Lakini kama hajawahi kumsikia redioni mtu wa kwao akizungumzia ya kwao, atajifunza kwamba hayo si mashairi. Ataimba juu ya magari na fukwe ambazo hajaziona. Soko halitakuwa limempokonya ladha. Litakuwa limemfundisha kuionea haya.

Njia zimeongezeka. Redio Maria ilianzia Songea mwaka 1996, na Manispaa hiyo ikapata baadaye redio nyingine za eneo hilo. Umeme wa gridi ya Taifa uliifikia Songea mwaka 2018. Simu na kadi za kumbukumbu zimevunja ukiritimba wa kanda. Lakini programu za muziki kwenye intaneti nazo huanza kwa kuonyesha kinachoongoza, na jaribio la mwaka 2006 limekwisha kusema maana yake. Bawabu amebadili sare.

Hitimisho

Methali iliyoanzisha mjadala huu haijabatilika, ila ina sharti. Chema chajiuza kikifikishwa gulioni. Kisipofika, wema wake hauonekani, na mnunuzi hawezi kulaumiwa kwa kununua kilichopo. Wajibu, kwa hiyo, unagawanyika. Redio za mikoa zina wajibu wa kutenga saa kwa mashairi ya vijana wa maeneo yao, na kuzitangaza waziwazi nyimbo zilizolipiwa kuwa ni matangazo. Idara za Kiswahili zina wajibu wa kukusanya mistari inayotungwa Maposeni, Peramiho na Namtumbo kama zilivyokusanya tenzi za Pate na Lamu, kabla watunzi wake hawajaiacha. Msikilizaji naye ana wajibu mdogo lakini mzito: anaposema wimbo fulani ni mzuri, ajiulize ni nyimbo ngapi alizopewa nafasi ya kuzikataa.