Tuandae Migongo Yetu Kabla ya Mvua
Mada iliyotolewa kwa wajumbe wa kamati za parokia, Mwanza



 Tunazungumzia jambo ambalo halina jengo la kuzindua wala utepe wa kukata. Jambo lenyewe ni mgongo wa mkulima na wa mvuvi, na maumivu yanayompata kila kazi za msimu zinapoanza upya.

Huku kwetu kiangazi huanza mwezi Juni na kuendelea hadi Septemba. Mavuno yamekwisha kuingia ndani, michembe imeanikwa ikakauka, na jembe limepumzika nyuma ya mlango. Mvua za kwanza zinapoanza, Oktoba au Novemba, kila kaya kuanzia Magu na Kwimba hadi Misungwi, Sengerema na Ukerewe inataka kumaliza kulima haraka iwezekanavyo. Mtu ambaye kwa miezi mitatu hakuinama hata saa moja mfululizo, sasa anainama kuanzia alfajiri hadi jua la utosi, siku sita kwa juma. Siku ya nne kiuno kinakata. Siku ya tano hapati usingizi. Juma la pili, wakati mbegu zinatakiwa ziwe ardhini, yeye yuko kitandani.

Wavuvi wa dagaa nao wana msimu wao mdogo kila mwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa taa. Mbalamwezi ikiwa kali, nyavu hukaa nchi kavu na watu hupumzika. Giza likirudi, miili ileile iliyopoa inavuta nyavu usiku kucha. Hata wafadhili wetu wa Ulaya wanalifahamu jambo hili kwa sura nyingine: baridi ikiisha, watu hutoka nje kulima bustani zao kwa siku moja, na kesho yake hawawezi kufunga kamba za viatu.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo, na inakadiriwa kuwa ifikapo mwaka 2050 watafikia milioni 843. Tofauti ni kwamba shambani hakuna likizo ya ugonjwa. Mama akikosa majuma mawili ya mwanzo wa mvua, kaya nzima hulipa deni hilo wakati wa njaa.

Kitanda si dawa

Katika vijiji vyetu mtu akiumwa kiuno huambiwa ni figo, au ni ngiri, au kuna mkono wa mtu. Figo zinaweza kuuma kweli, na ndiyo maana kupima ni vizuri. Lakini mara nyingi maumivu haya hutoka kwenye misuli na viungo vya mgongo vilivyofanyishwa kazi kubwa kwa ghafla. Habari njema ni kwamba wengi hupata nafuu ndani ya majuma machache bila upasuaji wala dawa kali.

Zamani hata hospitalini mgonjwa aliambiwa alale chali juma zima. Ushauri huo umebadilika. Kulala sana hulegeza misuli, na misuli iliyolegea huchelewesha kupona. Pumzika siku moja au mbili ikiwa maumivu ni makali, kisha anza kutembea kidogo kidogo, fanya kazi nyepesi za nyumbani, na ongeza kadiri unavyoweza. Kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto na kukamuliwa, kikiwekwa kiunoni, husaidia wengi. Maumivu kidogo wakati wa kutembea hayana maana kwamba mgongo unavunjika.

Kuhusu vidonge, tuwe waangalifu. Diklofenaki na dawa za jamii yake hupunguza maumivu, lakini zikimezwa kila siku bila ushauri huleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo, hasa kwa wazee na wenye shinikizo la damu. Mama mjamzito asizitumie bila kumwona mhudumu wa afya. Aidha, katika mwongozo wake wa Desemba 2023 kuhusu maumivu ya mgongo ya muda mrefu, Shirika la Afya Duniani limetilia mkazo elimu na mazoezi, na halipendekezi mikanda ya kiuno kuwa tiba ya kawaida. Hivyo basi, fedha ya kununua mkanda sokoni inaweza kufanya kazi bora zaidi mahali pengine.

Majuma matatu kabla ya mvua

Kinga ni bora kuliko tiba. Tunapendekeza kila mkulima aanze kuuandaa mwili katikati ya Septemba, kwa mpango mwepesi usiohitaji fedha.

Juma la kwanza, tembea kwa haraka nusu saa kila siku, na fanya kazi ya shamba saa moja tu asubuhi: kufyeka, kung'oa visiki vidogo, kusambaza samadi. Juma la pili, saa moja na nusu. Juma la tatu, saa mbili au zaidi kidogo, ukiacha siku moja ya mapumziko katikati ya juma mbali na Jumapili. Jioni, lala chali juu ya mkeka, kunja magoti, nyayo zikanyage chini, kisha inua makalio taratibu, hesabu hadi tano, shusha. Fanya mara kumi. Zoezi hili huimarisha misuli ya makalio na kiuno, ambayo ndiyo nguzo ya mgongo.

Mvua ikishanyesha, usilime kwa kuinama mfululizo. Baada ya kila tuta simama wima, weka mikono kiunoni, jinyooshe nyuma taratibu mara tano. Badilisha kazi: kulima kidogo, kupanda kidogo, kisha kulima tena. Mkono unaotangulia kwenye mpini nao ubadilishwe.

Mpini wa jembe nao una maneno yake. Mpini mfupi humlazimisha mtu kukunja mgongo mchana kutwa. Mwaka 1975 jimbo la California, Marekani, lilipiga marufuku jembe la mpini mfupi, baada ya vibarua wa mashambani na madaktari kueleza jinsi lilivyoharibu migongo. Jembe lenye mpini mrefu lilitosha kufanya kazi ileile. Katika kaya nyingi baba, mama na kijana hutumia jembe moja ingawa vimo vyao vinatofautiana. Mpini ni mti tu, na kila mtu anaweza kuchongewa wake.

Wasukuma wana urithi mwingine wa kujivunia, yaani vikundi vya kulima kwa ngoma. Bugobogobo huchezwa kwa majembe mkononi, na Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, pale Kisesa, yanauhifadhi urithi huo. Ngoma huwafanya watu wainue na kushusha jembe kwa pamoja. Tunachoongeza sisi ni ombi dogo tu: ngoma iamue pia wakati wa kupumzika, na mwenye kiuno kibovu asishindanishwe na kijana wa miaka ishirini.

Mizigo

Ndoo ya lita 20 iliyojaa maji ina uzito wa kilo 20 na zaidi. Mama anayekwenda ziwani mara nne kwa siku amebeba kilo 80, kabla hajagusa jembe. Pale mwaloni Kirumba, vijana hubeba magunia ya dagaa mgongoni. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza kwamba mwanamume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55, na mwanamke na kijana wabebe pungufu sana ya hapo. Gunia la lumbesa linaweza kupita kilo 100. Tunapokemea lumbesa kwa sababu inamwibia mkulima, tukumbuke kwamba inamwibia na mpagazi mgongo wake.

Unapoinua mzigo, usogeze karibu na tumbo, chuchumaa, inuka kwa nguvu za miguu, na usijipinde kiuno ukiwa umeushika. Ukiwa mkubwa, ita mwenzako.

Dalili za kwenda hospitali

Tafadhali someni orodha hii kanisani. Mwenye maumivu ya mgongo aende hospitali siku hiyohiyo endapo anashindwa kukojoa au kujizuia haja, anahisi ganzi katikati ya mapaja na sehemu za siri, miguu inalegea, au ameanguka kutoka juu. Asichelewe pia mwenye homa, anayekonda bila sababu, anayetokwa jasho jingi usiku, au mzee ambaye mgongo umeanza kumuuma kwa mara ya kwanza. Kifua kikuu kinaweza kushika uti wa mgongo. Brusela, inayotokana na maziwa yasiyochemshwa, huleta homa na maumivu ya mgongo. Na sisi wa kandokando ya Ziwa Victoria tujue kwamba mayai ya kichocho, ingawa ni mara chache, huweza kufika kwenye uti wa mgongo na kulegeza miguu. Magonjwa haya yana tiba, na tiba hufaa zaidi ikiwahi. Anzeni katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Ikibidi mtapewa rufaa kwenda Sekou Toure au Bugando, hospitali ambayo imekuwa ikihudumia kanda hii tangu mwaka 1971.

Tunachowaomba

Kwa kamati za parokia, tunaomba mambo matatu kabla ya Septemba kwisha. Kwanza, Jumapili moja itengwe baada ya misa, mtaalamu wa fiziotherapia au mhudumu wa afya aonyeshe mazoezi na namna ya kuinua mzigo. Pili, kila jumuiya ndogo ndogo ya Kikristo iorodheshe wajane, wazee, wajawazito na wanaoumwa mgongo, iwapangie siku ya kulimiwa. Tatu, mafundi seremala wa parokia wachonge mipini ya vimo mbalimbali.

Kwa wafadhili wetu, tunajua kwamba mkokoteni wa ng'ombe, toroli au plau havipendezi katika picha kama zahanati mpya. Lakini mkokoteni mmoja ukimilikiwa na jumuiya, unashusha mizigo kutoka migongo ya watu wengi kwa miaka mingi. Na mnaposoma taarifa zetu za visima, msiishie kuuliza idadi yake. Ulizeni kila kisima kiko hatua ngapi kutoka mlangoni kwa mama.

Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 18, Yethro alimwona mkwewe Musa akibeba kazi ya taifa zima peke yake, akamwambia kwamba atachoka yeye pamoja na watu wake. Akamshauri agawane mzigo na wengine. Musa alisikiliza.

Mvua zi karibu, na mbegu zitataka mikono. Tuanze mazoezi Jumatatu.